Lugha ya Pili na Lori la Bukundi

Nimestaafu tangu wiki ya Pasaka, na bado nakalia ukingo wa kiti kama mtu anayengoja kuitwa jina. Mke wangu ananiambia, "Kaa vizuri baba, hakuna anayekuita." Basi nimechukua daftari la mjukuu, lile la mistari mipana, nawaandikia nyie mliobaki pale ofisini. Siku ya kuniaga nilipewa dakika tano, nikazimaliza zote kwa kushukuru. Vyeo nitaviruka, havikuwa vingi. Mshahara mnaujua, mnaupokea wenyewe. Nataka kuwaambia habari ya lori moja. Lakini siwezi kulifikia lori kabla ya kupita kwa ng'ombe, mnivumilie.

Shule yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe lilikuwa na matobo. Baba yangu pale Mwandoya alikuwa na ng'ombe, na ng'ombe hawangoji kengele. Jioni wakirudi, mimi mwenye shule nilikuwa nasimama langoni nahesabu kwa kidole. Baba hakuwahi kuhesabu. Anasimama tu, anawatazama wakipita, halafu anasema, "Yule wa pembe iliyovunjika hayupo."

Nikamwambia siku moja, "Baba, wametimia. Nimehesabu mara mbili."

"Wametimia wa nani?"

Tukaingia zizini. Kweli, wa pembe iliyovunjika hakuwepo, na mmoja pale ndani alikuwa wa jirani. Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa. Nilitumwa porini kumtafuta huku najibishana na hesabu yangu njia nzima.

Sasa kazi. Bariadi nilifika kubeba marobota kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, jineri kama tulivyozoea kuiita. Enzi hizo tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga, habari za Simiyu hakuna aliyeziota. Robota la pamba ni kitu kibaya sana kwa mgongo wa binadamu. Hata mkiwa wanne, ni kama linamchagua mmoja wa kumlalia, na mara nyingi lilinichagua mimi. Nikapandishwa kuwa mtu wa mizani, kisha mradi mmoja wa wafadhili ukatuletea kompyuta. Walipotafuta mtu wa kukaa nayo, wenzangu walikataa, walisema inakula macho. Mimi nilikubali kwa sababu chumba chake kilikuwa na feni. Sitawadanganya, ni feni tu.

Mzungu wa mradi alikaa miezi mitatu, akanifundisha lugha ya kuiagiza ile mashine, inaitwa Beisiki. Kila mstari una namba yake: kumi, ishirini, thelathini. Unaiambia nenda mstari wa mia mbili, inakwenda. Ukikosea, inapiga kelele hapo hapo na kukutajia namba ya mstari. Niliipenda. Ilikuwa kama kuagiza mtu wa kwetu, anayekuuliza tena kama hakusikia. Mzungu akaondoka, akaniachia kitabu cha Kiingereza ambacho nusu yake sijaielewa hadi leo.

Mwalimu wangu hasa lakini hakuwa yule Mzungu. Alikuwa Mzee Ngassa, fundi wa mashine za kuchambulia, mtu wa vidole vinane na nusu. Yeye kompyuta hakuigusa. Alikuwa anakuja mlangoni na chai yake, anatazama, ananiuliza, "Leo imelalamika?"

"Imelalamika sana, mzee."

"Basi ni nzima. Mashine inayolalamika ni rafiki. Mabula, siku ikikubali kila unachoiambia, iogope."

Kwa Beisiki hiyo niliandika programu ya malori, na hapa nitajisifu kidogo kisha niache. Tulikuwa na vituo ishirini na vitatu vya kununulia pamba. Zamani lori lilikwenda kwa mwenye sauti kubwa. Vituo vya kando ya barabara vilichukuliwa kila siku. Vya mbali kama Bukundi, kule Meatu, pamba ilikaa hadi mvua ikaikuta. Pamba ikinyeshewa inakuwa ya njano, haiitwi tena pamba safi, inaitwa pamba fifi, na mkulima aliyepalilia kwa mgongo wake anarudi nyumbani hataki kuulizwa. Programu yangu haikusikia sauti ya mtu. Kila asubuhi ilichapa karatasi: lori hili, kituo kile, aliyekaa muda mrefu kuliko wenzake ndiye wa mbele. Mwaka ule wa kwanza Bukundi ilipata lori kama wengine. Karani wao, mama mmoja anaitwa Kabula, alinitumia kuku kwa dereva. Kuku alifika amechoka kuliko dereva.

Ndipo likaja soko huria. Nyie mmelikuta tayari limekaa, hamjui lilivyokuwa linatingisha. Zamani hata kuingiza kompyuta nchini ni kuomba kibali. Ghafla kila kitu kikafunguliwa, mitumba kila kona, redio za kaseti, na pamba ikaruhusiwa kununuliwa na yeyote mwenye mizani. Jineri yetu ikanunuliwa na mtu binafsi. Meneja mpya, Bwana Salim, mtu wa mjini, mwembamba, mwenye haraka, alikuwa akikusalimia huku anatembea, ukijibu ameshapita. Alileta kompyuta mpya na akatuita.

"Hizi hazitaki Beisiki yenu," alisema. "Chuo kikuu kinaleta kozi hapa hapa, kwenye ukumbi wetu, maana tuna jenereta. Wiki sita. Ni ya watu wanaojua tayari kuandika programu, wanaongezewa lugha ya pili. Mabula, ukimaliza, utaandika upya ile ya malori, unabaki na kiti chako. Usipomaliza, kule kwenye marobota watu hawatoshi."

Nilikuwa na miaka arobaini na mgongo wa miaka sitini. Nikajiandikisha siku hiyo hiyo.

Tulikuwa kumi na mmoja, kutoka jineri na ofisi za kanda ya ziwa. Fomu ilikuwa na mahali pa elimu. Mwenzangu mmoja, Limbu wa Nyalikungu kule Maswa, alijaza hadi ukingoni mwa karatasi. Alikuwa wa kidato cha sita na hakutaka tusahau. Mimi niliandika "la saba", nikafunika kwa mkono. Mwalimu alikuwa mama, Bi Mwanaidi, Mzaramo wa Kisarawe. Mnajua Mzaramo na Msukuma ni watani, basi hatukumaliza saa moja bila utani.

"Mwangaluka, mayu," tukamwamkia kwa Kisukuma chetu, mayu ndiyo mama.

"Mwangaluka wenyewe," akasema. "Nimekula vumbi tangu Shinyanga, nikadhani nimefika mwisho wa dunia. Kumbe mwisho wa dunia wana jenereta!"

"Na nyumbani kwenu jenereta ni la ngoma tu," Limbu akamrudishia, ukumbi ukacheka.

Kisha akawa mkali. "Sikuja kumfundisha mtu kuandika programu. Mnajua. Nimekuja kuwafundisha kusahau, na ni kazi ngumu zaidi. Anayejua kitu kimoja vizuri ni mbaya kuliko asiyejua."

Lugha yenyewe inaitwa C. Herufi moja, kama vile waliishiwa. Haina namba za mistari. Ina mabano ya kupindapinda na nukta mkato kila mwisho wa sentensi; ukisahau moja, mashine inakataa kazi yote. Hilo halikunitisha, kukataa nilikuzoea. Kilichonisumbua ni kutembea bila namba. Wiki ya kwanza Bi Mwanaidi alipita nyuma yangu akakuta nimeandika kumi, ishirini, thelathini kwa penseli pembeni mwa karatasi.

"Mzee Mabula, hizi za nini?"

"Za kushikilia, mwalimu."

"Mkongojo?"

"Mkongojo."

Hakucheka. Alivuta kiti. "Nisikilize. Ukiongea Kiswahili, nasikia Kisukuma kimekaa chini yake. Si vibaya, naelewa. Na hapa unaandika C, lakini naona Beisiki imekaa chini yake. Mimi naweza kukuelewa. Mashine hii haikuelewi, na mbaya zaidi, haitakwambia kwamba haikuelewi."

Nilimkumbuka Mzee Ngassa na chai yake. Nilipaswa kumkumbuka kwa muda mrefu zaidi.

Wiki ya pili akatufundisha orodha, namna ya kupanga vitu vingi kwa mfuatano. "Huku," akasema, "cha kwanza si namba moja. Cha kwanza ni sifuri."

"Mwalimu," Limbu akasema, "mtu wa kwanza ni sifuri? Huo si utani wa Wazaramo?"

"Ni utani wa waliotunga lugha. Kama una vitu ishirini na vitatu, vinaanza sifuri, vinaishia ishirini na mbili. Ukienda kwenye ishirini na tatu, umetoka nje ya uzio. Hutapigiwa kelele. Utapewa chochote kilicholala huko."

Niliandika kwenye daftari, nikapiga mistari miwili chini yake. Daftari ninalo mpaka sasa, na mistari miwili ipo. Kwenye Beisiki yangu miaka yote nilianza na moja. Kichwa kilikubali sifuri siku ile ile. Vidole havikuwa vimehudhuria.

Wiki ya nne msimu wa kununua ukaanza, na Bwana Salim akawa hakai. Wanunuzi wengine malori yao yalikuwa yanazunguka kila kijiji. Akaingia ukumbini, akasimama mlangoni nusu ndani.

"Ya malori iko tayari?"

"Anaimalizia," Bi Mwanaidi akasema. "Bado sijaikagua."

"Mabula, inafanya kazi?"

Sasa hapa ndipo nilipokosea. Ningesema tu "bado kidogo". Lakini nilikuwa nimewatangulia wote, hata Limbu wa kidato cha sita, na la saba lilikuwa linaniwasha. "Inafanya, bosi."

Na ilifanya. Haikulalamika hata mara moja. Ilichapa mistari ishirini na mitatu, nikaihesabu kwa kidole. Mstari wa mwisho ulikuwa na alama za ajabu, uso mdogo unaocheka na herufi zisizosomeka. Nikasema printa mpya, bado inatema uchafu. Msimamizi wa malori akaukata kwa kalamu. Lori la mstari huo likabaki uani kila siku, tukasema limepata bahati ya kupumzika. Dereva wake alisuka mikeka miwili.

Siku ya tisa tulikuwa darasani, mawingu yamejaa kwa upande wa Meatu, mawingu yasiyo ya msimu. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama ana vumbi kuanzia kanga hadi nyusi. Amekuja juu ya lori la ng'ombe, tena limemshusha mbali, akatembea. Sikuwahi kumwona, lakini alipotaja jina nilimkumbuka yule kuku.

"Mimi ni Kabula, karani wa Bukundi. Nani kati yenu ndiye kompyuta?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Redio yetu imekufa betri. Siku nane hatujaona lori. Pamba imejaa ghala, imejaa nje, tumefunika kwa maturubai na mashuka ya watu. Wakulima wamepimiwa, wana stakabadhi zetu, hawawezi kuwauzia wengine. Na mvua hiyo mnaiona. Nataka aniambie mtu, Bukundi tumekosa nini?"

Bwana Salim alikuwa amemfuata nyuma. "Mabula. Nini hiki?"

Limbu akaniinamia sikioni. "Sema ni dereva. Dereva hayupo hapa."

Nitawaambia ukweli maana nimeshastaafu: neno "dereva" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Niliuona mgongo wangu chini ya robota. Nikaichukua karatasi ya asubuhi ile ili nipate pa kutazama, nikaanza kusoma. Sikuhesabu. Nilisoma majina, moja moja, kwa sauti. Kwenye programu hii mpya vituo nilivipanga kwa alfabeti, zamu ya kila kimoja imeandikwa pembeni, kwa hiyo Bukundi ndiye wa kwanza. Lakini la kwanza kwenye karatasi halikuwa Bukundi. Wala la pili. Nikafika chini, kwa yule uso mdogo unaocheka aliyekatwa kwa kalamu, na nikamsikia baba: wametimia wa nani?

"Si dereva," nikasema, ingawa hakuna aliyekuwa amemtaja kwa sauti. "Ni mimi. Nimeanza kuhesabu na moja. Bukundi amekaa kwenye sifuri, sikumfikia hata siku moja. Na mwisho nimepitiliza uzio, nimeokota takataka, ndiyo iliyotimiza idadi."

Kabula akaitazama karatasi mkononi mwangu. "Kwa hiyo sisi ni sifuri."

"Nyie ni wa kwanza, mayu. Kosa ni langu."

"Wa kwanza," akasema. "Wenye pamba njano."

Bwana Salim alikuwa ameshika funguo, anazizungusha kidoleni. "Malori mawili yaende sasa hivi. Wewe panda mojawapo. Ukirudi, unajua upande wa kwenda."

"Dakika moja," Bi Mwanaidi akasema. "Airekebishe kwanza. Mbele yetu wote. Asiporekebisha, kesho Bukundi tena."

Nilikaa. Nilibadili moja kuwa sifuri, na pale mwisho nikafuta alama moja ya "sawa na". Basi. Vibonyezo vichache kuliko vya kuandika jina langu. Siku nane za watu kulinda pamba kwa mashuka yao zilikuwa zimekaa hapo. Nikachapa, nikaisoma tena kwa majina hadi mwisho.

Tukaondoka. Kabula alikaa katikati, kati yangu na dereva, yule msuka mikeka. Mvua ilitukuta njiani, si nyingi, ya kuchokoza, inaacha, inaanza. Kila ilipoanza Kabula alikuwa anafunga macho. Tulipovuka mto mmoja mkavu, akaniuliza, "Yule kuku ulimla?"

"Nilimla, mayu."

"Alikuwa mtamu?"

"Alikuwa mgumu kidogo."

"Afadhali," akasema.

Bukundi walikuwa wamekaa juu ya maturubai kwa miili yao, wazee kwa akina mama, kuyazuia yasipeperuke. Pamba ya ndani ilikuwa safi. Ya nje, kwa ukingo wa kusini, ilikuwa imeingia maji, unaishika inabaki mkononi kama uji. Hiyo iliandikwa fifi. Walioleta mapema, waliowahi kuliko wote, ndio pamba yao ilikuwa huko nje. Ya mapema ilikuwa imetolewa nje iwe tayari kupakiwa lori likija, na nafasi yake ndani ikachukuliwa na ya waliochelewa. Sikujua nimwambie nani samahani. Nilipakia nao. Mgongo ulinitambua mara moja.

Malori yalipojaa, Kabula akapanda juu ya mizani, akaniita. "Hiyo karatasi umekuja nayo?"

"Ninayo."

"Wasomee. Kwa sauti, wasikie wenyewe."

Nikaifungua, imelowa kwenye mkunjo. Nikasoma la kwanza: "Bukundi."

Mzee mmoja, ana shuka lake la mgolole bado limelowa begani, akajibu kama mtoto wa shule anapoitwa kwenye daftari la mahudhurio: "Tupo." Na wengine nyuma yake: "Tupo."

Nilibeba marobota msimu ule mzima. Kiti alikaa Limbu, na sitamsema vibaya, alikitunza. Kozi nilimaliza kwa kuiba saa za chakula. Bi Mwanaidi alinipa cheti, amefaulu, na mdomoni akaongezea, "kwa mateso." Msimu uliofuata Limbu alipata kazi Dar, Bwana Salim akaja mahali nilipokuwa nimeinama, kwa mara ya kwanza akasimama anaponisalimia. "Rudi juu," akasema, "lakini kila asubuhi uyasome majina." Mzee Ngassa aliponiona tena mlangoni kwa feni, hakuniuliza kama imelalamika. Aliniuliza kama mimi nimejifunza kulalamika kwa niaba yake.

Ndiyo maana mlinizoea nikisimama na karatasi nasoma kama padri, mkacheka. Nilikuwa nawasikia. Nimepita lugha nyingine mbili baada ya ile, na kila mara ile lugha ya zamani ilikuja imejificha ndani ya mpya. Haifi. Inakaa inangoja siku umejisahau.

Juzi mmoja wenu amenipigia. Jina silitaji, anajijua. Mmebadilisha mfumo tena, uko ndani ya simu siku hizi, na ananiambia kwa furaha, "Mzee, tumehamisha kila kitu. Tumehakiki. Idadi ya vituo imetimia."

Nilikuwa nimekaa. Nikajikuta nimesimama, chai imemwagika kwenye daftari hili, doa mnaliona.

"Ng'wanawane, mwanangu," nikamwambia, "sijakuuliza idadi. Nisomee majina."

Akacheka. Nikangoja. Nilisikia karatasi, au sijui kitu gani mnatumia siku hizi, kisha akaanza kusoma, taratibu, na mimi nimesimama kama baba langoni, nasikiliza nani hayupo.